Maji ya bomba ni amana

Na Mwandishi Wetu

Katika nyumba nyingi za Waislamu, sauti inayofuata ile ya muadhini wa Alfajiri ni ya maji. Baba hufungua bomba akatia udhu. Mama, akisha kuswali, hukinga maji ya uji katika bomba lile lile. Bibi humezea dawa zake, na mtoto anayewahi madrasa hujaza chupa yake akatoka mbio. Hakuna hata mmoja wao anayeuliza maji hayo yametoka wapi, wala nani ameyapima. Wameyatazama, ni maangavu. Wameyanusa, hayana harufu. Wameyaonja, hayana ladha mbaya. Nyoyo zao zimetulia.

Juma hili twapenda kuzungumza na familia zetu juu ya maji hayo, na hasa maji ya bomba ya miji midogo. Katika mji mdogo mtambo wa maji huwa mikononi mwa watu wawili au watatu, wanaojulikana kwa majina yao na kuaminiwa na mji mzima. Tutaanza na kisa kilichotokea mbali nasi, nchini Kanada, kwa sababu kilichunguzwa hatua kwa hatua na uchunguzi wake ukawekwa wazi mbele ya umma. Kisha tutarudi nyumbani, tujitazame.

Mvua ya siku tano

Walkerton ni mji mdogo katika jimbo la Ontario, upande wa kaskazini magharibi wa jiji la Toronto. Mwaka 2000 ulikuwa na wakazi wapatao 4,800. Maji yao yalitoka katika visima virefu na vifupi, yakavutwa kwa pampu, yakatiwa klorini, kisha yakasambazwa kwa mabomba hadi majumbani na shuleni.

Kimoja kati ya visima hivyo, kilichojulikana kama Kisima Namba 5, kilichimbwa mwaka 1978. Kilikuwa kifupi, kina chake mita 15 tu, na maji yake yaliingia kupitia mwamba wenye nyufa, mita chache chini ya uso wa ardhi. Jirani yake palikuwa na shamba la ng'ombe.

Kati ya tarehe 8 na 12 Mei mwaka huo, mvua kubwa ilinyesha Walkerton. Kwa siku hizo tano zilipimwa milimita 134, na siku ya mwisho peke yake milimita 70. Maji ya mvua yalizoa vimelea kutoka katika samadi iliyotandazwa shambani, yakashuka navyo kupitia nyufa za mwamba, yakaingia kisimani. Walikuwamo bakteria wa aina mbili wanaodhuru binadamu: E. coli O157:H7 na Campylobacter. Tume iliyochunguza ilieleza baadaye kwamba mwenye shamba hakuwa na lawama, kwani aliitumia samadi yake kwa kufuata taratibu zilizokubalika.

Siku chache baadaye watoto walianza kukosekana shuleni. Matumbo yaliwasokota, wakahara, kisha baadhi yao wakahara damu. Wazee nao wakalala. Hadi balaa hilo lilipokwisha, watu zaidi ya 2,300 walikuwa wameugua, 65 walilazwa hospitalini, na 27 walipatwa na maradhi yanayoharibu figo ambayo husababishwa na sumu ya bakteria huyo wa E. coli. Watu saba walikufa. Mji mzima ulikuwa umenyweshwa maradhi kwa bomba lake wenyewe.

Namba zilizobuniwa

Msomaji atauliza: Je, maji hayo hayakuwa yakitiwa dawa? Yalitiwa. Hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki, na yafaa tueleze namna dawa hiyo inavyofanya kazi.

Klorini ikitiwa majini huua vimelea, nayo hupungua kadiri inavyofanya kazi yake. Kiasi kinachosalia baada ya muda huitwa mabaki ya klorini. Mabaki hayo yakiwepo, ni dalili kwamba dawa iliyotiwa imetosha, na kwamba ipo akiba ya kuyalinda maji njiani hadi yafike bombani. Mabaki yakitoweka ghafla, ni dalili kwamba uchafu ulioingia umeizidi dawa. Kwa hiyo fundi anayepima mabaki kila siku ana macho ya kuona kile ambacho macho ya kawaida hayakioni. Kipimo chenyewe ni chepesi, na huchukua dakika chache.

Huko Walkerton, kanuni ilitaka mabaki yasipungue miligramu 0.5 kwa kila lita baada ya dakika 15. Daftari la mtambo lilionyesha kwamba kanuni ilifuatwa: siku baada ya siku iliandikwa 0.5 au 0.75. Jaji Dennis O'Connor, aliyeongoza tume ya uchunguzi, alibaini kwamba namba nyingi kati ya hizo hazikutokana na kipimo chochote. Kwa miaka mingi wafanyakazi walitia klorini pungufu ya ile iliyotakiwa, hawakupima kama walivyopaswa, kisha wakaandika namba ambayo kila mkaguzi angependa kuiona. Siku zile za mvua daftari lilijazwa kwa mtindo ule ule.

Jaji alisema kwamba lau mabaki ya klorini yangepimwa kila siku katika Kisima Namba 5, hatari ingegunduliwa mapema na madhara yangepungua sana. Na lau kingefungwa pale chombo cha kupima mfululizo, chenye kuzima pampu klorini inapopungua, mlipuko ule ungezuiwa kabisa.

Meneja wa huduma hiyo ya maji alikuwa Stan Koebel, na msimamizi wa mafundi alikuwa ndugu yake, Frank. Watu hawa hawakuwa wauaji. Walikulia katika kazi hiyo, na vyeti vyao walipewa kwa kuhesabiwa uzoefu, pasipo mtihani. Wao wenyewe walikuwa wakinywa maji ya kisimani kabla hayajatiwa dawa, wakiyaona ni matamu na masafi. Waliamini macho na ulimi wao kuliko kipimo, na kwa sababu hiyo waliiona kazi ya kupima kuwa usumbufu usio na maana. Miaka ilipita bila madhara, wakadhani ule usalama ulitokana na ubora wa maji yao. Kumbe kilichokuwa kimechelewa ni mvua kubwa.

Siku nne za ukimya

Tarehe 17 Mei maabara ilituma majibu ya sampuli zilizochukuliwa siku mbili kabla: maji yalikuwa na bakteria wa E. coli. Meneja hakuwaarifu maofisa wa afya. Tarehe 19, maofisa hao, waliokwisha pata habari za watoto wanaohara damu, walimpigia simu kumuuliza kuhusu maji. Aliwajibu kwamba maji hayana tatizo. Wakati huo huo alikuwa akisafisha mabomba na kuongeza klorini kwa wingi, akitaraji kwamba yatakuwa yamekwisha kabla mtu hajajua.

Katika siku hizo familia ziliendelea kunywa. Wengine waliwapa wagonjwa wao maji mengi ya bomba, kama kila mzazi mwema afanyavyo mtoto wake anapohara. Tarehe 21 Mei, maofisa wa afya, bila kungoja majibu ya vipimo vyao wenyewe, waliutangazia mji kwamba maji yasinywewe pasipo kuchemshwa. Siku iliyofuata mgonjwa wa kwanza alifariki. Tume ilikadiria kwamba lau tangazo hilo lingetolewa tarehe 19, watu kati ya 300 na 400 wasingeugua.

Ndugu hao wawili walikiri kosa mahakamani. Desemba 2004 Stan alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja jela, na Frank kifungo cha nyumbani cha miezi tisa.

Waislamu tunalijua vyema neno amana. Tumezoea kulitumia kwa fedha za mtu, kwa siri yake, kwa mali ya yatima. Ni nadra kulitumia kwa tarakimu iliyoandikwa katika daftari la mtambo wa maji. Lakini tarakimu ile ni ushahidi: mwandishi wake ameshuhudia kwamba amepima, na kwamba maji yanafaa kunywewa na watoto wa watu. Akiandika bila kupima, ametoa ushahidi wa uongo, hata kama siku hiyo maji yalikuwa salama. Na mwenye habari ya hatari akainyamazia ili kuilinda heshima ya kazi yake, amezuia haki ya watu wasioweza kujikinga isipokuwa kwa habari hiyo.

Twahara na usalama

Hapa panahitaji maelezo, kwa kuwa jambo hili huwachanganya wengi. Fiqhi inatufundisha kuyatambua maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Maji mengi ambayo hayakubadilika sifa hizo kwa najisi ni maji twahara, na udhu wake ni sahihi. Hukumu hii ni rehema. Kila mtu aweza kuifuata popote alipo, mjini au jangwani, bila chombo wala mtaalamu.

Hata hivyo, kufaa kwa udhu ni suala moja, na kufaa kwa kunywa ni suala jingine. Vimelea vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu vyaweza kuwemo katika bilauri ya maji yaliyo maangavu kabisa, yasiyo na rangi, ladha wala harufu. Bilauri hiyo haina cha kulalamikiwa kwa zile sifa tatu, nayo yaweza kumlaza mtoto hospitalini. Dini ile ile iliyotufundisha twahara imetukataza pia kujidhuru na kuwadhuru wengine, na imetuelekeza kufunika vyombo vya chakula na maji. Kwa hiyo anayechemsha maji ya kunywa baada ya kutia udhu kwa maji hayo hayo hajayatilia shaka maji ya ibada yake. Ametimiza wajibu wake kwa mwili aliopewa.

Lawama haikuwa ya wawili

Ingekuwa rahisi kuwalaumu ndugu wawili na kufunga faili. Tume haikufanya hivyo. Serikali ya jimbo ilikuwa imepunguza fedha za wizara iliyosimamia maji. Mwaka 1996 vipimo vya maji vya miji viliachwa mikononi mwa maabara binafsi, pasipo kuwekwa sharti la kisheria kwamba maabara ikikuta hatari imwarifu moja kwa moja ofisa wa afya. Wakaguzi walifika Walkerton mwaka 1998, wakaona kasoro, lakini hawakurudi kuhakikisha kwamba zimerekebishwa. Bodi iliyomsimamia meneja ilishughulika zaidi na hesabu za fedha kuliko usalama wa maji.

Wananchi nao walikuwa na sehemu yao. Baadhi yao walikuwa wakilalamika kwamba maji yananuka klorini, na malalamiko hayo yaliwapa mafundi kisingizio cha kupunguza dawa. Hili litugutushe, maana ni mara ngapi nasi tumesema, “Leo wameyatia dawa hadi hayanyweki”? Harufu hafifu ya klorini ndiyo mlinzi aliyetusindikizia maji hadi nyumbani. Asiyeipenda ayakinge maji katika chombo safi chenye mfuniko, ayaache kwa muda, na harufu itapungua yenyewe.

Tume ilitoa mapendekezo 121, na mwaka 2002 jimbo la Ontario likapitisha sheria mpya ya maji salama ya kunywa. Sasa msimamizi wa maji hufundishwa na kupewa leseni, na majibu mabaya ya maabara hayakai mezani mwa mtu mmoja. Hayo yalipatikana baada ya watu saba kuzikwa.

Turudi nyumbani

Miji yetu midogo ina mambo ambayo Walkerton haikuwa nayo. Kubwa ni mgawo wa maji. Bomba likiwa limejaa maji wakati wote, msukumo wa ndani huuzuia uchafu wa nje kuingia. Maji yakikatika, msukumo hutoweka, na penye ufa au kiungo kilicholegea bomba hufyonza maji machafu yaliyolizunguka, hasa pale lilipopita kando ya mtaro au shimo la choo. Kwa hiyo maji ya kwanza baada ya mgawo, hata yakiwa meupe, hayafai kukingwa kwa ajili ya kunywa. Yaacheni yatoke kwa muda, myatumie kufulia au kumwagilia, kisha ndipo mkinge.

La pili ni akiba. Maji yanayotoka bombani yakiwa salama huweza kuharibikia nyumbani: katika simtangi lisiloosha mwaka mzima, katika pipa lililo wazi, au katika ndoo ambayo kila mkono huchovya kikombe. Misikiti yetu nayo ina matangi juu ya mapaa, na mara nyingi wasafiri na wanafunzi wa madrasa hunywa maji ya bomba lile lile la kutilia udhu. Kamati ya msikiti inayolijua tarehe ya kupaka rangi kuta yafaa iijue pia tarehe ya mwisho ya kusafisha tangi.

La tatu ni daftari. Nchini Tanzania, maji ya mijini husimamiwa na mamlaka za maji chini ya udhibiti wa EWURA, na ya vijijini na miji midogo na RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ikishirikiana na vyombo vya watumiaji maji vya jamii yenyewe. Mjumbe wa chombo hicho aweza kuwa jirani yako, au wewe mwenyewe. Mkutano wa watumiaji maji unapoitishwa, tusiulize bei ya ndoo peke yake. Tuulize: Mabaki ya klorini yanapimwa mara ngapi, na nani? Daftari liko wapi? Sampuli ya mwisho ilipelekwa maabara lini, na majibu yalikuwaje? Mvua kubwa ikinyesha, nani huamua kwamba wananchi watangaziwe?

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba maji yanapomfikia mtumiaji yabaki na walau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, na kwamba bakteria wa E. coli asipatikane hata mmoja katika mililita 100 za maji. Kipimo cha klorini cha mkononi hakihitaji maabara: kidonge kidogo hutiwa katika kijichupa cha maji, na maji hugeuka rangi ya waridi kwa kadiri ya klorini iliyomo. Yasipogeuka, hakuna mlinzi. Kijana aliyemaliza sekondari aweza kufundishwa kazi hii kwa siku moja, naye akiifanya kwa uaminifu atakuwa amewatendea wema watu wengi asiowajua.

Kwa akina mama na akina baba

Maji ya kunywa yachemsheni hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika moja, na kwa wakazi wa milimani, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, dakika tatu. Yapoe ndani ya chombo hicho hicho kikiwa kimefunikwa. Maji yakiwa na tope, yachujeni kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, maana tope huficha vimelea na hula klorini. Wanaotumia vidonge au dawa ya maji wafuate kipimo kilichoandikwa na kungoja muda wake wote kabla ya kunywa. Palipokosekana kuni na dawa, chupa angavu ya plastiki iliyojazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani kwa saa sita husaidia kuua vimelea. Siku za mawingu ziwe siku mbili.

Maji yaliyokwisha kutibiwa yahifadhiwe katika mtungi wenye mdomo mwembamba au ndoo yenye koki. Pasipo koki, itumike kata yenye mpini mrefu, na isiwekwe chini. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya chakula. Udhu ni usafi mkubwa, lakini hauchukui nafasi ya sabuni.

Ijulikane pia kwamba kuchemsha kunaua vimelea tu, wala hakuondoi chumvi wala madini. Ndugu zetu wa Arusha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, ambako maji yana floraidi nyingi inayobadili meno ya watoto na, ikizidi sana, kudhuru mifupa, hawatapata nafuu kwa moto. Kwao dawa ni chanzo kingine cha maji, kama vile mvua iliyovunwa vizuri, au chujio lililotengenezwa kwa ajili ya floraidi.

Mtoto akihara, apewe maji ya ORS yaliyochanganywa kwa maji salama, aendelee kunyonya au kula, na apelekwe kituo cha afya akapewe na vidonge vya zinki. Akihara damu, au akikojoa kidogo mno, apelekwe haraka, wala asipewe dawa za kuzuia kuhara au viuavijasumu vya kununua dukani, kwani katika baadhi ya maradhi hayo, likiwemo lile la Walkerton, dawa hizo zaweza kuongeza madhara. Na mkisikia kwamba watoto wa nyumba tatu nne za mtaa mmoja wanahara kwa pamoja, msingoje. Mwambieni mganga wa kituo siku hiyo hiyo, nanyi mwanze kuchemsha. Huko Walkerton tahadhari ilianzia kwa madaktari waliowaona watoto wagonjwa, nayo iliwashinda kasi wenye daftari.

Mwisho, tuseme neno kwa vijana na wazee wetu wanaofanya kazi katika mitambo ya maji, wengi wao kwa mshahara mdogo na vifaa haba. Kipimo unachokichukua alfajiri, peke yako, bila mtu kukuona, ni ibada kwa anayeinuia. Klorini ikikuishia, iandike sifuri kama ilivyo, kisha paza sauti, watu wachemshe maji yao huku wakikutafutia dawa. Nasi tunaokunywa kwa mkono wako, tukiiona sifuri hiyo, tusikutukane. Tukushukuru.

Mwenyezi Mungu atujaalie maji yenye manufaa, na atuwezeshe kuitimiza amana kwa kila aliyeikabidhiwa. Amin.